Batri ya Gari Lililokaa Kilio

Tata,

Kilio chako, baba yangu, tumekiondoa Jumamosi. Watu wamekula, wamecheza, wamelia tena kidogo kwa heshima, halafu wakabeba viti vyao wakaenda. Mama amevua zile nguo nyeusi. Sasa naweza kukupa habari za gari, maana nakujua. Hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya afya ya mama, kabla ya afya yangu, ukijifanya limekujia kwa bahati tu: "Na kamioneti?"

Kamioneti ipo. Nitakueleza yote, lakini nataka uyasikie kutoka kwangu na kwa mpangilio wake, kwa sababu hapa Kapata kuna habari nyingine inayotembea nyumba hadi nyumba, na mimi sikutoka vizuri humo.

Siku ile tulipotoka kukuzika, udongo ungali kwenye viatu, mdogo wako Ilunga alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye gari lako. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi. Mpaka leo najiuliza alilipata wapi. Nani husafiri kutoka Kabongo kuja kumzika kaka yake na rangi mfukoni? Alipaka doa kwenye kila gurudumu, akapaka kwenye injini, akapaka doa kubwa ubavuni mwa batri. Kisha akanitazama mimi, si mama, mimi, akasema: "Alama njo inasaidiaka. Kitu ya marehemu isibadilishwe."

Shangazi Ngoie alikuwa amekaa kwenye kiti chako. Unajua mwenyewe kwamba dada yenu huyo akisema, ukoo mzima hufunga mdomo. Akatoa neno mbele ya watu wote: "Gari ya ndugu yetu ilale. Mutu asiiwashe mpaka siku ya kutosha kilio. Siku ile tutageuza ufunguo mbele ya bantu bote. Ikiwaka, inabakia kwa mujane na mutoto wake. Isipowaka, Ilunga ataipeleka ku Kabongo. Mutu mwenye anashindwa kulinda kitu, kitu haiko yake."

Watu wakasema ndiyo, neno la haki. Mimi nilimtazama Baba Mdogo usoni. Sura yake ilikuwa imetulia mno. Nani alimnong'oneza Shangazi wazo hilo? Gari likae bila kuwashwa mpaka kiangazi kiishe, halafu ligeuzwe ufunguo mara moja tu! Mtu asiyejua angesema ni jambo jepesi. Mimi niliyekulia kwenye kazi yako nilijua kwamba wameweka roho ya nyumba yetu ndani ya kisanduku cha asidi.

Maana bila kamioneti mama hana biashara. Mifuko ya unga wa mihogo haitembei yenyewe kwenda soko la Fungurume. Ulipokuwa hai alikaa mbele pembeni yako, kitambaa kichwani, akigombana na wewe kuhusu mashimo ya barabara kana kwamba uliyachimba wewe. Tangu ulipoondoka alikuwa anauza vibakuli vya unga mlangoni, vikinunuliwa na majirani waliomhurumia. Gari likienda Kabongo, ndiyo basi.

Na Baba Mdogo hakurudi kwao. Alisema atabaki chumba cha nyuma "kumuangalia mujane wa kaka." Kumwangalia vipi, Tata? Alikuwa anaimba kwaya, ana mashati meupe mengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kila asubuhi, kabla hata ya kusema jambo, aliuliza: "Gari ya kaka inaendelea namna gani?" Kila asubuhi. Mtu asiye na hila huuliza mara moja moja, husahau, huuliza tena. Yule hakusahau hata siku moja.

Kwa hiyo nilianza kulinda.

Nilifanya kama ulivyonifundisha kwenye ile yadi ya njia ya Mutoshi, wakati bei ya kobalti iliposhuka na kampuni ikayalaza magari yake yote, mistari na mistari, vumbi jekundu juu ya vioo. Wengine walifukuzwa kazi, wewe ukaajiriwa, kwa sababu magari yaliyolala yanahitaji mlinzi wa namna nyingine. Ulinipeleka huko ningali na sare ya shule. Ulikuwa ukipita kati ya yale magari ukisema kwa sauti ya chini kama unaingia wodi ya wagonjwa. "Tosha moins kwanza," ulisema, yaani toa waya wa hasi, "ukiacha bawaya, batri inajikulaka yeye mwenyewe." Saa ya gari inakula. Redio iliyozimwa inakula. Hata uchafu wa juu, vumbi na unyevu, unapitisha umeme kidogo kidogo mpaka batri inajikuta tupu bila kujua nani kaiibia. Ulisema batri haiuawi na kazi, inauawa na kukaa ikiwa na njaa, maana ikikaa na njaa sahani za ndani zinaota ukoko mweupe, na ukoko ule ukikomaa hautoki tena.

Basi nilitoa batri nzima garini. Niliiweka jikoni juu ya ubao, mbali na jua na mbali na moto wa makaa. Nilivisafisha vichwa vyake kwa maji ya moto na magadi, nikavipaka grisi. Umeme uliporudi, nilichaji polepole, kwa mashine yako ndogo, ile kubwa ukiniambia ni ya watu wenye haraka. Nilifungua vifuniko vidogo na kuongeza maji ya batri mpaka yafunike sahani, si zaidi. Nilinyonya asidi kwa kile kichupa chako cha kioo kutazama kama kielea kinapanda. Na ilipokuwa inachaji niliweka sikio karibu kama ulivyokuwa ukifanya, kusikia ule mlio wa mapovu, kama maharagwe yanayoanza kuchemka. Siku hizo nilihisi upo hapo hapo jikoni, umeinama, miwani imekaa kwenye ncha ya pua.

Baba Mdogo alipoona batri haiko garini alikuja juu. "Batri iko wapi? Nani ameitosha?" Nilimwonyesha jikoni, doa lake jekundu likiwa palepale. Hakutosheka. Alimwita Shangazi kwenye simu, Shangazi akaamua: gari limelala kilio, kila kitu chake kikae mahali pake, batri irudi chini ya boneti, itolewe siku ya kuchajiwa tu. Nilirudisha. Nilifunga waya wa chanya nikaacha wa hasi umening'inia, nimeuvisha kitambaa. Na moyo wangu ukasema: haya, sasa ameipata mahali anapoweza kuifikia.

Mwezi wa kwanza wa kiangazi mambo yalienda sawa. Baadaye batri ikaanza kuanguka. Nachaji vizuri, naifunga, narudi baada ya siku chache, naikuta imechoka kama mtu aliyebeba mizigo. Waya wa hasi uko nje, kitambaa kiko palepale. Inakwenda wapi nguvu? Siku nyingine nilipokuwa naichaji ikatoa harufu. Si ile harufu yake ya kawaida. Ilikuwa kali, ya kuchoma koo, ya javeli, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe. Nikakohoa mpaka nikatoka nje. Na huko nje, Tata, kwenye kamba, yalikuwa yananing'inia mashati ya Baba Mdogo, meupe kuliko haki.

Nilikaa chini kwenye ngazi nikacheka peke yangu, cheko baya. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo sikutaka kumrukia. Ulinionya juu ya hilo. Nilikumbuka mara ile uliponipa batri ukaniuliza kama ni nzima, nikaunganisha taa, taa ikawaka vizuri, nikasema nzima. Ukacheka. "Taa inadanganyaka. Umupe kazi nguvu, njo utamujua." Basi nikaanza kuwapima watu wote, na hakuna aliyebaki safi.

Nilimshuku yule jirani wa upande wa kushoto aliyezungushia uwanja wake maturubai. Anasema anachimba choo. Choo gani kinachochimbwa tangu Pasaka, na udongo wake unabebwa kwenye magunia yaliyofungwa mdomo? Sote tunajua anachofuata huko chini: kobalti, ile wanayotengenezea batri huko ng'ambo. Wakati mwingine sakafu ya chumba changu hutetemeka na sijui kama ni yeye yuko chini ya kitanda changu. Ulikuwa ukisema kwa utani: "Bantu ya mbali banatosha batri yabo chini ya nyumba yetu, na yetu inakufa juu ya gari." Mtu wa namna hiyo anahitaji taa za shimoni, na taa zinahitaji batri. Nilimchunguza. Nilipita karibu na turubai lake nikijifanya natafuta kuku. Hatuna kuku.

Nilimshuku fundi wa kona anayechaji batri za watu, kwa sababu siku moja umeme wetu ulipokatika nilimpelekea. Labda alimwaga asidi nzuri akatia mbovu. Nilimshuku hata Shangazi.

Lakini kila njia ilinirudisha kwa mashati. Nilianza kufunga uzi mwembamba kwenye boneti, uzi wa rangi ya gari, mtu asiyejua hauoni. Asubuhi fulani nikaukuta umekatika. Nikapiga mstari kwa kucha kwenye chupa ya javeli ya Baba Mdogo nione kama inapungua bila kufua. Ilipungua, lakini alikuwa amefua. Nikafunga uzi tena, ukakatika tena. Yeye naye, ukitaka kujua, alikuwa ananichunguza. Kila Jumapili baada ya ibada alivaa miwani, akainama kwenye kila doa lake la rangi, akaligusa kwa kidole. Tulikuwa tunapishana uwani kama paka wawili, salamu tamu mdomoni: "Uliamuka muzuri, mama?" "Nimeamka vizuri, Baba Mdogo." Naye aliniita mama kama wewe, kwa vile nina jina la mama yenu. Nilichukia kulisikia mdomoni mwake.

Nikaamua kumkamata. Nilihama kulala upande wa dirisha la jikoni, linalotazama gari. Asubuhi moja kulipopambazuka nikasikia boneti inalia ile kwi yake. Nikafungua pazia kidogo, simu mkononi, tayari kumpiga picha.

Alikuwa ni mama.

Alikuwa ametoka misa ya alfajiri, rozari ingali shingoni. Alikuwa na chupa ya plastiki. Akafanya ishara ya msalaba juu ya injini. Akafungua vifuniko vidogo vya batri kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu, kama alivyotuona tukifanya miaka yote, akamimina kidogo katika kila tundu. Na aliomba kwa sauti ya kusikika: "Bwana, linda moto ya gari ya bwana yangu. Mukono ya ndugu yake isiikute. Mukono ya mutu mubaya ikauke."

Kisha akafunga vizuri, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda kuwasha moto wa chai.

Nilisubiri aende sokoni. Nilitafuta ile chupa nikaikuta nyuma ya picha yako, kwenye kabati. Nikaonja. Chumvi. Maji ya baraka, Tata. Unajua yanavyobarikiwa kwetu, na chumvi ndani yake ya kumfukuza shetani. Nayo ilimfukuza shetani na umeme pamoja. Chumvi ikiingia kwenye asidi ya batri, ukichaji inatoa ile hewa ya javeli, na sahani zinaanza kuliwa. Ulinieleza hayo mwenyewe, siku dereva mmoja alipotia maji ya kisima chenye chumvi. Ulisema hiyo ndiyo sumu mbaya kuliko zote, kwa sababu anayeitia huwa na nia njema.

Nilikaa sakafuni na ile chupa. Nilimkasirikia, nisikufiche. Nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma. Halafu nikamwona tena pale kwenye injini, anavyofuta vile vifuniko kwa kona ya kitenge, hakuacha tone. Hakuwa na kitu kingine cha kukufanyia. Chakula hupikiwi tena, shati hupigiwi pasi. Alikuwa amebaki na batri yako.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia palepale. Unamjua mama. Jambo halikai kinywani mwake hata muda wa kufunga mlango. Ningemwambia asubuhi, mchana angekwenda kwa Shangazi Ngoie akilia kuomba msamaha, na ukoo wako ungesikia nini? Usingesikia chumvi. Ungesikia kwamba mjane alikuwa anatoka alfajiri kumimina maji kwenye gari la marehemu na kunena maneno, na gari likafa. Unamkumbuka yule mama wa Mutoshi aliyeonekana ananyunyizia kitu kizingitini pake baada ya msiba? Walimtoa nyumbani kwake na godoro kichwani, na wakwe walisema ndiye aliyemla mumewe. Wewe mwenyewe ulikwenda kumpa lifti. 

Basi nilinyamaza, nikafanya kazi. Siku mama alipokwenda kwa dada yake, niliimwaga ile asidi chafu kwenye shimo lenye chokaa. Nikaisuuza batri kwa maji ya batri, nikamwaga, nikasuuza tena, mpaka harufu ikaisha. Nikatia asidi mpya. Nikachaji kwa mashine ndogo, polepole sana, naomba na mimi. Batri ikashika kidogo. Kidogo tu. Sahani zilikuwa zimeumia. Kununua nyingine sikuthubutu, kwa sababu ya lile doa jekundu, kila Jumapili likiguswa kwa kidole.

Na ile chupa ya mama? Niliyamwaga maji yake kwenye maua, kwa heshima, nikaijaza maji ya batri. Sijui kama ni dhambi. Aliendelea kumimina alfajiri akiamini, na safari hii alikuwa anaisaidia batri kweli, ingawa mimi nililazimika kunyonya yaliyozidi. Shida ni kwamba alinyunyizia pia vyumba, vitanda, na mimi nilipokuwa na homa. Nyumba yako, Tata, imebarikiwa kwa maji ya batri toka sakafuni hadi darini, na nina hakika ungeangua kicheko mpaka ukae chini.

Jumamosi ikafika. Shangazi alivaa kile kitenge cha bluu, Baba Mdogo shati jeupe jipya na koti. Uwanja ukajaa. Jirani wa maturubai naye alikuja, kucha zimejaa udongo wa choo chake. Mama alikuwa anatabasamu, mkono kwenye rozari. Nilirudisha waya wa hasi, nikaukaza. Shangazi akanipa ufunguo mbele ya watu wote, nikapanda kwenye kiti chako. Kilikuwa bado kimebonyea upande wako.

Niligeuza. Taa za mbele yangu ziliwaka, nyekundu, nzuri. Watu wakasema ahaa. Nikageuza zaidi. Injini ikasema tak. Nikageuza tena. Tak. Na zile taa zikazimika polepole.

Nilisikia mtu mmoja nyuma akicheka puani. Nilimtafuta Baba Mdogo kwenye kioo, nimuone anavyofurahi, nipate angalau chuki ya kushikilia. Alikuwa anavua koti. Alimpa mtu amshikie, akakunja mikono ya lile shati jeupe, akaenda nyuma ya gari akaweka bega. "Tusukume!" alipiga kelele. "Gari ya kaka yangu hailale ingine siku! Mama, tia ya mbili!"

Nikatia gia ya pili. Wakaja wengine, hata jirani wa shimo. Unajua uwanja wetu unavyoteremka kuelekea njia ya zamani ya wafanyakazi. Gari likaanza kujivuta, likashika mwendo, nikaachia pedali. Likanirusha mbele, likakohoa, likatoa moshi mweusi kama treni, likawaka! Tata, liliwaka. Ule mguno wake, ule ule. Nililia kwa sauti nyuma ya kioo kilichofungwa. Mama alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Shangazi akainua mkono: "Inawaka. Neno yangu inasimama. Inabakia kwa mujane."

Ningependa barua iishie hapo.

Baba Mdogo alikuja mbele, jasho linamtiririka, doa la moshi kifuani pa shati. Akafungua boneti. Akatazama batri muda mrefu. Kisha akageuka kwa watu, na sauti yake haikuwa ya kwaya. "Kaka yangu alilazaka magari ya bantu maisha yake yote. Hata batri moja haikumukufilia mu mikono. Hata moja! Leo yake mwenyewe inasema tak. Mi nauliza: njo nani aliuwa hii batri? Maana mwenye aliiuwa, tumuulize pia kaka yangu alikufa namna gani."

Nilimwona Shangazi akigeuza kichwa taratibu. Na nilimwona mama, Tata. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa anasogea mbele, uso umejaa fahari, mdomo umeanza kufunguka, anataka kuwaambia wote kwamba gari limewaka kwa sababu yeye, kila alfajiri, kwa maji ya baraka.

Nikasema: "Ni miye."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikasema niliacha waya wa hasi umefungwa, kwa uvivu. Nikasema niliacha maji yakauke sahani zikaonekana. Nikasema nilikuwa na mambo ya kijana fulani kichwani, nikasahau. Sina kijana yeyote. Nilitafuta makosa yote uliyonikataza nikayavaa moja juu ya jingine. Walinicheka. Mmoja akasema mtoto wa fundi si fundi. Mwingine akasema ndiyo maana kazi hiyo si ya wanawake. Shangazi alinitazama kwa huzuni, akasema, "Mutoto, baba yako angeona haya."

Hilo ndilo lililoniingia, zaidi ya kicheko.

Sasa haya ndiyo yanayotembea Kapata. Msimamizi wa ile yadi ya njia ya Mutoshi, aliyekuwa amenipa nafasi yako, ameniambia kwa upole kwamba magari yake yanayolala atampa mtu mwingine. Hawezi kuyaacha mikononi mwa msichana aliyeua batri ya baba yake mwenyewe. Na mama, mama huyu huyu, alinigombeza jioni nzima. Alinipigia hadi meza. Alisema gari liliokoka kwa sababu ya maji yake ya baraka tu, vinginevyo uzembe wangu ungetumaliza. Nilijibu ndiyo, mama. Nilijibu asante, mama.

Baba Mdogo ameondoka jana. Nilimsindikiza kituoni kwa sababu ya adabu. Alipokuwa anapanda basi alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini: "Weye, mama, haujue kudanganya." Akaingia, akakaa, hakunitazama tena.

Alijua nini? Aliwahi kumwona mama alfajiri, kutoka dirisha la chumba cha nyuma? Na kama alijua, lile swali uwanjani alilitega kwa ajili ya nani? Au aliuliza kwa uchungu tu, kama ndugu? Na bega lile aliliweka kwa ajili yetu, au lilikuwa linatamani gari lililo zima la kupeleka Kabongo? Nimegeuza kila upande, silali vizuri. Labda nimemwonea tangu siku ya rangi. Labda sikumwonea hata kidogo. Nitaendelea kumtazama, na ikibidi kumwomba radhi nitamwomba.

Lakini wewe nataka ujue, mtu mmoja tu duniani au nje ya dunia. Batri yako haikufa mikononi mwangu. Niliilinda kama ulivyosema, neno kwa neno.

Nakuahidi haya, Tata. Jumanne nampeleka mama Fungurume na mifuko yake, kwa batri mpya isiyo na doa la mtu. Nitamfungulia boneti mwenyewe abariki juu ya bati, akitaka hata ndoo nzima, mimi nikiwa nimeshika vifuniko. Kazi nitaitafuta tena, kwa gari moja moja, kwa watu wasionijua. Na hakuna atakayemgusa mama kwa neno lile nikiwa hai.

Lala sasa, baba yangu. Na akifika mtu huko kutoka Kapata akakuambia kwamba mwanao aliua batri yako kwa uvivu, mwitikie tu. Usinitetee.

Mwanao,
Kalenga